Eneo Sawa Siyo Fungu Sawa

Najua nimewatupa muda mrefu. Si mnajua tena, testi zimefuatana kama mabehewa ya TAZARA, na baridi ya huku Iyunga mwezi huu wa sita haimwachi mtu akae na kompyuta mpaka usiku wa manane. Ila leo nimejifunika blanketi nimesema lazima niandike, maana kuna jambo limenijaa kifuani.

Jambo lenyewe ni hii michongo ya kugawa mashamba ya familia kwa kompyuta. Hapa chuoni karibu kila anayejua kushika AutoCAD kidogo ameshapigiwa simu ya namna hii: "Mdogo wangu, nasikia unasomea mambo ya ramani. Marehemu mzee ametuachia shamba, tupo wanne. Hebu tugawie sawa kwa sawa tusije tukagombana." Unatumiwa namba za pembe za shamba, jioni unarudisha mchoro umepakwa rangi nne, kila kipande kimeandikwa eneo lake mpaka desimali tatu. Unatumiwa hela ya vocha, maisha yanaendelea.

Mimi nasema hivi, na najua kuna watakaoninunia: huo mchoro haujagawa shamba sawa kwa sawa. Umegawa ENEO sawa kwa sawa. Eneo sawa na fungu sawa ni vitu viwili tofauti, na hapo katikati ndipo ndugu wa tumbo moja wanapoanza kupelekana baraza la ardhi.

Kwanza niitendee haki programu, isije ikaonekana nina ugomvi nayo. AutoCAD ipo tangu mwaka 1982 na kazi yake inaifanya vizuri. Ukifunga mipaka ya shamba ikawa mstari mmoja unaoanzia na kuishia sehemu moja, amri ya AREA inakupa eneo papo hapo. Kugawa ndiyo kunahitaji ujanja kidogo, maana AutoCAD ya kawaida haina kitufe cha kusema "kata hapa nipate mita za mraba 2,000". Ndiyo maana watu wanaandika vijiprogramu vya AutoLISP, au wanahamia Civil 3D ambayo ina zana zake za viwanja. Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni mstari unaoteleza: unachagua uelekeo, mstari unasogea mbele na nyuma bila kubadili uelekeo mpaka eneo la upande mmoja lifike unalotaka. Ya pili ni mstari unaozunguka: unaubana sehemu moja, tuseme kwenye kona au kwenye kisima, halafu unazunguka kama mlango kwenye bawaba mpaka eneo litimie.

Hakuna uchawi hapo. Kompyuta inapima, inasogeza, inapima tena, mpaka tofauti inakuwa ndogo sana. Na kule kupima kwenyewe unaweza kukufanya kwa kalamu: unachukua namba ya Mashariki ya pembe moja unazidisha na namba ya Kaskazini ya pembe inayofuata, unatoa ile iliyozidishwa kinyume chake, unazunguka shamba zima, unajumlisha, unagawa kwa mbili. Basi! Mwenye kikokotoo na dakika kumi anafika.

Sasa njooni tuchukue shamba la mfano. Juu limepakana na barabara ya mtaa, na upande huo una mita 60. Chini limepakana na mto, na upande huo una mita 100. Pande hizo mbili ziko sambamba na kati yake kuna mita 100. Eneo lake: 60 jumlisha 100, gawa kwa 2, zidisha kwa 100, unapata mita za mraba 8,000. Karibu ekari mbili. Warithi wanne, kila mmoja mita za mraba 2,000. Mpaka hapo hata mtoto wa darasa la saba yupo na sisi.

Mshikaji wa kwanza anafungua programu, anachagua mstari unaoteleza, uelekeo sambamba na barabara. Programu inamkatia: mstari wa kwanza mita 30.28 kutoka barabarani, wa pili mita 56.16, wa tatu mita 79.13. Piga hesabu mwenyewe utaona iko sawa kabisa, kila kipande ni 2,000. Anaandika namba, anapaka rangi, anatuma.

Haya, tusome huo mchoro kama watu wazima. Kipande cha kwanza kimechukua barabara yote, mita 60 zote. Vipande vitatu vilivyobaki havina pa kutokea, mpaka mtu aombe njia kwa ndugu yake. Hilo la kwanza. La pili ni zito zaidi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Yaani kutoka barabarani, mita 40 tu za mwanzo ndizo unazoweza kujenga. Kipande cha kwanza kina mita za mraba 2,000 za kujenga, kamili. Kipande cha pili kinabakiwa na 720. Cha tatu na cha nne vina SIFURI. Eneo sawa, desimali tatu zote sawa, lakini mmoja kapewa kiwanja na wawili wamepewa ukingo wa mto.

Mshikaji wa pili anatumia shamba lilelile na programu ileile, ila yeye anakata kutoka barabarani kwenda mtoni. Barabara anaigawa mara nne, kila mtu mita 15. Mto anaugawa mara nne, kila mtu mita 25. Kila kipande ni 15 jumlisha 25, gawa kwa 2, zidisha kwa 100: mita za mraba 2,000. Na sehemu ya kujenga ya kila mmoja ni mita za mraba 680, yenye barabara mbele, na kule chini kila mmoja ana miti yake ya kutunza mto. Vipande vinakuwa virefu kama mikanda, ni kweli, na huenda familia ikataka namna nyingine. Lakini hapo hata kompyuta hukuihitaji. Futi kamba na vijiti vingetosha!

Mnaona ninachosema? Wote wawili wamepata 2,000. Kilichowatofautisha ni swali ambalo programu haiulizi: huyu anayepewa hiki kipande atakifanyia nini?

Na huku kwetu nyanda za juu swali hilo lina meno, kwa sababu ardhi yetu haikulala tambarare kama mkeka. Ramani inapima eneo kana kwamba ardhi yote imelazwa. Ukivuta futi kamba mita 50 kwenye mteremko wa nyuzi 20, kwenye ramani ni mita 47 tu. Hivyo mzee aliyepima kwa kamba iliyolala kwenye majani, na kijana aliyepima kwa mashine, wanaweza kuja na namba mbili tofauti bila yeyote kudanganya. Halafu kuna udongo mweusi wa bondeni na changarawe ya kilimani, kuna chemchemi, kuna migomba na parachichi za mama, kuna makaburi. Kipande chenye makaburi ya babu na bibi nani anakihesabu kuwa ni 2,000 sawa na vingine? Programu inakihesabu.

Ngoja pia niseme kuhusu ekari, maana hapa nimeona watu wakibishana mpaka chai inapoa. Familia nyingi haziongei mita za mraba, zinaongea ekari, na ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70. Mwanafunzi mjuaji anaisoma hatua kama mita, anapata 4,900, anashangaa ekari ya kitabuni ni 4,047, anawaambia wazee walikosea. Wazee hawakukosea. Ile hatua asili yake ni yadi, ambayo ni sentimita 91 na kidogo, na ekari ya Kiingereza ni yadi za mraba 4,840, karibu kabisa na 70 mara 70. Ukibadilisha hatua kuwa mita bila kuuliza, kila ekari umeiongezea mita za mraba 853. Hicho ni zaidi ya kiwanja cha nyumba umekizua hewani, na kuna ndugu ataambiwa amekula cha mwenzake.

Twende kwenye zile desimali tatu, maana ndizo zinazowalevya watu. Mama akiona "2,000.000" anaamini imetoka mbinguni. Kumbe namba za pembe zilichukuliwa kwa simu! GPS ya simu ikiwa mahali pa wazi inaweza kukosea mita kadhaa, mpaka tano. Rudi kwenye shamba letu la mfano: mstari wa mita 100 ukihama mita 3 tu, mita za mraba 300 zimehama kutoka kwa dada kwenda kwa kaka. Hiyo ni asilimia 15 ya fungu lake. Programu haijui. Imepewa namba mbovu, imezigawa kwa usahihi mkubwa.

Hata ukitumia mashine nzuri bado kuna mambo. Iyunga iko karibu na mstari wa kati wa ukanda wa 36 wa UTM, na iko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo mita 100 za ardhini zinakuwa pungufu kama sentimita 6 kwenye gridi, na shamba la 8,000 linapungua kama mita 10 za mraba. Siyo nyingi, ni kachumba kamoja. Lakini kubwa zaidi ni kuchanganya mfumo wa zamani wa Arc 1960 na WGS84 ya kwenye simu: hapo pembe zako zinahama kama mita 300. Shamba lako umelipeleka kwa jirani wa jirani.

Sasa lile linaloniuma kuliko yote. Kabla programu haijakata chochote inataka namba moja kutoka kwako: vipande vingapi? Unaandika 3, inakata 3. Unaandika 5, inakata 5. Haitakuuliza hao watatu ni akina nani. Mwenzetu mmoja hapa aliombwa na kaka wa familia fulani agawe shamba mafungu matatu, akagawa vizuri sana. Watoto wa marehemu walikuwa watano. Wawili ni mabinti, "wameshaolewa, wana kwao". Hakuna desimali ya kurekebisha hilo.

Na tusijidanganye kwamba ni mila basi yameisha. Kanuni za mirathi za kimila za mwaka 1963 ziliruhusu mwanamke atumie ardhi ya ukoo lakini asiiuze. Bi Holaria Pastory wa Kagera alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza, na mtu wa ukoo wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kupinga. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume, mauzo yakabaki palepale. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zikasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Ile ya vijiji, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kihalali. Hiyo ni sheria ya nchi kwa zaidi ya miaka 20, wakati sisi tunaandika "3" kwenye kisanduku na kubonyeza.

Najua jibu lenu, maana nimeshapewa hapa hosteli. "Kaka, sisi siyo hakimu wala wazee wa ukoo. Mteja kasema vitatu, mimi nachora vitatu. Fundi cherehani hamuulizi mteja suti ni ya harusi au ya msiba." Hoja ina uzito, sikatai. Kijana wa miaka 22 akienda kijijini kwa watu kuwafundisha nani arithi, atafukuzwa na mbwa, na ni haki yake afukuzwe. Uamuzi wa nani apate nini siyo wetu.

Lakini suti ikikubana unaivua. Bikoni ikishasimama na watu wakajenga, hakuna wa kuing'oa bila kesi. Na tukubali ukweli: mchoro wa kompyuta una nguvu ambayo maneno ya kaka mkubwa hayana. Kaka akisema "mpaka unapita hapa kwenye mparachichi", dada anaweza kubisha. Kaka akija na karatasi ya rangi yenye desimali tatu na kusema "kompyuta ndiyo imegawa", dada ananyamaza. Tumemkopesha kaka sauti yetu. Kwa hiyo ukisema wewe ulichora tu, mimi sikuelewi.

Mimi naona kuna mambo machache ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya bila kujifanya hakimu. Kwanza, ulizia msimamizi wa mirathi. Anateuliwa na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, na warithi wanafahamika kwenye shauri hilo. Hesabu ya vipande itoke hapo, siyo kwenye simu ya mtu mmoja. Kama hakuna msimamizi, waambie wakaanze huko, wewe subiri.

Pili, fika shambani kabla ya kufungua programu. Tembea na zaidi ya mtu mmoja wa familia, mmoja wao awe mama au dada. Uliza maji yako wapi, njia iko wapi, mto unafika wapi masika, makaburi yako wapi. Kama shamba liko kando ya barabara kuu kumbuka hifadhi ya barabara, mita 30 kila upande kutoka katikati. Hivyo vyote vitoe kwanza, kinachobaki ndicho mgawe.

Tatu, usipeleke mchoro mmoja. Peleka miwili au mitatu. Programu inakata kwa sekunde, basi tumia hizo sekunde kwa faida ya watu: hapa tumekata kwa eneo, hapa tumehakikisha kila mmoja ana barabara, hapa mwenye bondeni kapewa pungufu na wa kilimani kaongezewa. Waache wabishane juu ya karatasi, karatasi haiumi. Wakikubaliana wote, hapo ndipo mstari unapotafutiwa namba zake. Wengine wanapenda mmoja akate na mwingine aanze kuchagua, kama watoto wanavyogawana andazi. Nayo ni njia nzuri tu.

Nne, andika ukweli kwenye mchoro wako. Kama umepima kwa simu, andika umepima kwa simu, na desimali zifute. Na andika kwamba ni mchoro wa majadiliano. Sisi hatuna leseni, wadau. Upimaji wa kupatia hati unafanywa na mpima ardhi mwenye leseni, na ramani inaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Mchoro wetu ukigeuzwa kuwa ushahidi kesho, angalau useme wenyewe ulikuwa nini.

Mtasema hayo yote kwa hela ya vocha? Hapana, omba zaidi! Kazi ya kwenda shambani, kusikiliza na kuleta michoro mitatu ni kazi ya kulipwa. Kukata vipande vinne ndani ya programu ndiyo kazi ya vocha, na hiyo muda si mrefu simu yenyewe itaifanya bila sisi. Kitakachobaki na thamani ni yule anayejua kuuliza kabla ya kukata.

Huo ndio mtazamo wangu. Wa ujenzi, wa usanifu na hata nyie wa kompyuta mnaotuandikia hivyo vijiprogramu, karibuni mnipinge, ila njooni na hesabu. Mimi narudi kwenye vitabu, kesho kuna testi ya saa mbili asubuhi na blanketi limeanza kunishawishi vibaya.

Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.